Nyumba ya Zamani na Mzee Asiyeshuka Bei: Mjomba Anajibu

Mwezi huu barua zimegongana, zote tano ni za nyumba za zamani, kununua na kuuza, kwa iyo nimezipanga pamoja, ile ndefu kwanza maana ndo yenye nyama. Majina nimeyatoa kama kawaida yetu. Na kwa vile kila mtu ana pesa yake na soko lake, humu ndani bei anayotaka muuzaji nitaiita 100 tu, mengine yote tutayapima kwa hiyo 100.

*

Shikamoo mjomba. Mi na mume wangu tumepata nyumba, imejengwa kama miaka 50 iliyopita, muuzaji ni mzee, ndo aliyeijenga mwenyewe na kaishi humo mpaka leo, sa anataka kuhamia kwa mwanae. Nyumba tumeipenda mjomba, vyumba vikubwa, kuta nene, uwanja upo. Ila sebuleni kuna ufa unaanzia kona ya dirisha unapanda kama ngazi, maji bombani yanatoka kwa kujivuta, swichi za umeme ni zile za zamani nyeusi, na chumba kimoja kinanuka unyevu. Rafiki yake mume wangu ambaye anajua ujenzi kidogo akasema bei hiyo kubwa mno mpigeni nusu. Tukampiga nusu. Mzee akainuka akaingia ndani hakurudi, alafu dalali akatupigia simu kwamba bei ni ile ile haina mazungumzo na kuna mteja mwingine anakuja jumamosi. Mume wangu anasema tulipe tu tusije tukaikosa, mi nasema tusubiri. Nani yuko sahihi? Na yule mzee tunamrudiaje jamani, mi naona hata aibu.
Mama Wawili

Marahaba mama. Nani yuko sahihi bado hatujui, na ntakwambia kwa nini hatujui, ila aliyekosea tunamjua, ni huyo rafiki wa mume wako. Sio kwamba nusu ni ndogo, kuna nyumba hata nusu ni nyingi. Kosa ni kwamba ile nusu haikuwa na maelezo. Mtu akikutajia namba bila sababu unabaki kusikia kitu kimoja tu, kwamba anakuona mjinga au anakuona una njaa.

Na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu yalishanikuta. Miaka hiyo bado nabeba futi kamba kila niendapo, nilienda kuangalia nyumba ya bibi mmoja, nikaizunguka, nikarudi nikamwambia mbele ya wanawe, bibi hii sio nyumba tena hili ni gofu. Nilidhani najua kupatana. Bibi hakubishana, akaniambia asante kwa kuja. Miezi miwili baadae nikasikia kaiuza, na kaiuza kwa bei ya chini kuliko ile niliyokuwa nayo mfukoni. Aliyeinunua alikaa nae barazani akamsikiliza hadithi ya ule mti wa uani nani aliupanda, basi.

Kuna jambo wataalamu wa uchumi na saikolojia walilipima kabisa. Mwaka 1990 Kahneman, Knetsch na Thaler walichapisha majaribio ambayo waligawa vikombe kwa nusu ya watu waliokuwepo, wengine hawakupewa, alafu wakauliza wenye vikombe mtauza kwa ngapi na wasionavyo mtanunua kwa ngapi. Wenye vikombe walitaka kama mara mbili ya kile wenzao walichokuwa tayari kutoa. Sasa hicho ni kikombe, na mtu amekuwa nacho kwa dakika tu. Mzee wako ana miaka 50 na kila tofali analijua kwa jina. Kwa iyo ile 100 yake ndani kuna nyumba na kuna maisha, we unalipia nyumba tu, na hilo huwezi kumwambia usoni.

Unachoweza kumwambia ni gharama. Mzee hawezi kuchukia mabomba, mabomba yenyewe yanajijua kwamba yamezeeka.

Sa hapa ndo tuingie kazini. Watu wanasema nyumba ina miaka 50 kana kwamba yote ina miaka 50. Haiko hivyo. Kuta zinaweza kuwa na 50, paa likawa na 20 maana lilishabadilishwa, mabomba 50, umeme nusu wa zamani nusu wa juzi aliponunua jiko la umeme. Kila kiungo kina umri wake na kila kimoja kina bei yake ya kutibiwa. Alafu kuna vitu ambavyo ukongwe ni faida, kuta nene kama ulivyosema, mbao ngumu za kenchi, uwanja mkubwa ambao kwenye ujenzi wa sasa huupati. Ukienda na hoja ya "nyumba ni ya zamani punguza" umeshindwa kabla hujakaa, sababu na yeye atakwambia ndo maana bado imesimama.

Tafuta mkaguzi au fundi wako mwenyewe, umlipe wewe, asitafutwe na dalali, na asiwe na mpango wa kupewa hiyo kazi ya matengenezo baadae maana atakuza kila kitu. Nenda nae, usimwachie aende peke yake. Vile ulivyovitaja tuvipitie.

Ufa kwanza maana ndo unaotisha watu. Ufa wa ngazi ngazi unafuata maungio ya tofali, mara nyingi maana yake upande mmoja wa ukuta umeshuka kidogo kuliko mwenzake. Swali sio kama upo, swali ni kama bado unatembea. Uangalie ndani kwa tochi. Kama ndani una vumbi, utando wa buibui na rangi ya zamani imeingia, huo ni mzee mwenzake na mzee, ulishatulia zamani. Kama kingo zake ni safi na kali kama umepasuka jana, hapo pana kesi. Pima upana, chini ya milimita 5 kwa kawaida ni kuziba na kupaka rangi, ukizidi hapo au ukiwa juu mpana chini mwembamba na mlango wa karibu nao unakwama, muite mhandisi wa majengo kabla ya kutaja bei yoyote. Na muulize mzee ufa umeanza lini, muulize kwa upole, wazee waliojenga wenyewe huwa wanasema kweli kuliko madalali.

Maji yanayojivuta yana sababu mbili. Nenda kwa jirani uombe kunawa mikono. Kama na kwake yanajivuta basi ni mtaa mzima, mzee hana kosa. Kama kwa jirani yanaruka, basi ni bomba za chuma za zamani, hizo zinakula kutu kwa ndani na tundu linabana taratibu mwaka hadi mwaka mpaka maji yanapita kama kwenye mrija. Fungua bomba mbili kwa pamoja uone ya kwanza inakufa au la. Omba uje asubuhi mapema, maji ya kwanza yakitoka na rangi ya kutu huna haja ya kuuliza zaidi. Hapo sio kurekebisha, ni kutoa zote, na kutoa zote maana yake kuvunja plasta, vigae vya bafuni, na kurudishia, watu wanasahau kuhesabu huko kurudishia.

Umeme, zile swichi nyeusi zenyewe sio tatizo, zinabadilishwa kwa siku moja. Tatizo ni waya. Nyumba za zamani zaidi ya hiyo yako zilitandazwa waya za kufunikwa na raba, na raba ikizeeka inakauka inamegukia mkononi. Kwa umri wa nyumba yenu inawezekana kabisa zikawa za plastiki na bado nzima, ila hakuna waya wa ethi, hakuna kile kifaa cha kukata umeme mtu akishikwa, na chumba kizima kina soketi moja. Fundi umeme afungue boksi kubwa na soketi mbili tatu aangalie, sio asimame mlangoni aseme "mh, hizi za zamani".

Unyevu ndo wenye ujanja zaidi kwa sababu harufu ni moja lakini bei zake nne. Inaweza kuwa gata limeziba maji yanamwagikia ukutani, hiyo ni kazi ya ngazi na mkono. Inaweza kuwa udongo wa nje umerundikana miaka yote mpaka umepanda juu ya sakafu ya ndani, hiyo ni koleo. Inaweza kuwa bomba linavuja ndani ya ukuta. Au inaweza kuwa msingi hauna utando wa kuzuia maji, yanapanda kutoka ardhini, utaona alama inaishia kama mita moja kutoka chini na chumvi nyeupe nyeupe, hiyo ndo ghali. Fundi akikwambia tu "kuna unyevu" hajakwambia kitu. Na chunga sana ukuta mmoja uliopakwa rangi mpya wakati wenzake wote wamechakaa, hapo kuna mtu kaficha.

Hujaniambia habari ya juu darini. Mtu apande, na bisibisi, achome kenchi sehemu zinapokutana na ukuta. Bisibisi ikizama kama kwenye mkate, ni mchwa au ni kuoza. Hapo ndo pesa nyingi zinapolala na ndo mahali watu hawapandi kwa sababu ya vumbi.

Haya, hesabu. Watu wengi wanachukua bei ya muuzaji wanatoa gharama za matengenezo, 100 kutoa 18 wanasema 82. Sio sahihi, hata ikitokea jibu likafanana. Huenda mzee alishapunguza ule ufa kwenye bei yake. Anzia kwa nyumba za ukubwa huo jirani hapo zilizo katika hali nzuri, zimeuzwa ngapi. Zimeuzwa, sio zinauzwa, bei ya kwenye tangazo ni matamanio tu. Tuseme zimeuzwa 104. Fundi wako kasema paa 5, umeme 4, mabomba na kurudishia vigae 4, ufa na unyevu 5, jumla 18. Ongeza kama moja ya tano kwa yale ambayo plasta imeyaficha, nyumba ya zamani huwa haikosi neno, tuseme 4. Imekuwa 22. 104 kutoa 22 ni 82, hiyo ndo thamani ya hii nyumba kwako ilivyo leo. Kwa vile uwanja mmeupenda nyie pandeni hadi 84, muandike kwenye karatasi mkiwa nyumbani wewe na mume wako, mkubaliane, hapo hapavukwi hata mzee akilia.

Ila sasa fanya hesabu hiyo hiyo kama nyumba nzuri za hapo zimeuzwa 120. 120 kutoa 22 ni 98. Hapo mume wako ndo mwenye haki, mzee hajawadhulumu, bei yake ni ya haki kabisa na mnapoteza muda kubishania 2. Ndo maana nimesema nani yuko sahihi hatujui bado. Hilo jibu liko kwa majirani waliouza, kwangu halipo.

Kumrudia mzee. Nendeni wenyewe, msitume dalali, na mume wako ndo aanze maana nyie mlitaja nusu mkiwa wawili. Mwambieni hivi hivi, mzee ile siku tulikosea, tulitaja namba kabla hatujaijua nyumba, tumekuja na fundi sasa tumeielewa na tumezidi kuipenda. Alafu nyamazeni aseme yake. Akishasema ndo mnatoa karatasi, sio ya bei, ya matengenezo, mstari kwa mstari, mnamuachia aisome. Pale ambapo hamna ubaya semeni, kuta zako nzima mzee, kenchi fundi kazisifia. Mtu ambaye umemsifia kwa kweli ndo anakuamini ukimwambia mabovu. Namba yenu ije mwisho, kama kikomo ni 84 anzeni 75, na mkipanda mpande kwa hatua zinazopungua, 75, 79, 81, 82. Ukipanda kwa hatua sawa sawa mwenzako anaona bado kuna ngazi nyingi mbele. Hatua zikifupika anaona mwenyewe kwamba mmefika dari.

Akikataa kabisa msikimbilie kuongeza, muulizeni anahitaji nini. Huyu anahama, huenda anachotaka sana ni miezi mitatu ya kuhamisha vitu vya miaka 50 bila kusumbuliwa. Huenda anataka apewe yote mara moja badala ya vipande vipande. Huenda anataka ule mti usikatwe! Hivyo vyote vina thamani kwake na kwenu vinaweza kuwa rahisi kuliko 5 za ziada.

Mteja wa jumamosi sasa. Anaweza kuwepo kweli, siwezi kumkataa mtu nisiyemjua. Lakini akiwepo, na yeye atapanda darini ataona kile kile, na kama haoni akalipa 100 basi mwache alipe. Kikomo chenu hakibadiliki kwa sababu ya jumamosi. Na kabla ya kutoa kishika uchumba chochote, hati iangaliwe na wakili kwenye ofisi ya ardhi, jina ni la mzee peke yake au kuna mwingine, kuna rehani au hakuna. Hilo nalisema kwa kifupi ila lisipofanyika mengine yote niliyoandika hapo juu ni maneno tu.

*

Mjomba mambo vipi, nilikubaliana bei na jamaa kwa mdomo, fundi akapanda juu akakuta bati ni za asbestosi, za zamani zile za kijivu nzito. Jamaa nilipomwambia akasema uliona paa lilivyo, nauza kama ilivyo, ila ukinisumbua sana ntabadilisha mimi mwenyewe bati alafu bei inabaki. Nikubali abadilishe?
Kijana wa Bati

Poa. Usikubali abadilishe yeye. Mtu anayeondoka hana sababu ya kununua bati nzuri wala kumlipa fundi mzuri, atafanya ili mradi biashara ifungwe, na uchafu utaachiwa wewe. Na kwa asbestosi ni mbaya zaidi, kwa sababu zikikaa nzima bila kuguswa hatari ni ndogo, hatari inakuja zikivunjwa, zikikatwa, zikitobolewa, zile nyuzi zinaruka hewani watu wanazivuta, na magonjwa yake yanakuja kuonekana baada ya miaka mingi, ikiwemo saratani. Uingereza walipiga marufuku kabisa mwaka 1999, Afrika Kusini 2008. Sasa we mtu akitafuta vijana wawili wa nyundo wapande wazishushe kwa siku moja, vumbi lote liko kwenye uwanja ambao watoto wako watacheza.

Tafuta watu wenye kibali cha hiyo kazi, wakupe bei ya kuzitoa, kuzifunga, kuzipeleka zinakoruhusiwa kutupwa, na bei ya paa jipya. Hiyo karatasi mpelekee jamaa, iondoke kwenye bei, kazi uisimamie mwenyewe. Kuhusu "kama ilivyo", hilo neno linamaanisha hataki kurekebisha, halimaanishi wewe huruhusiwi kupima thamani yake. Mlikubaliana kwa mdomo bei ya nyumba yenye paa la kawaida. Ila sheria za muuzaji kuficha au kutoficha ubovu zinatofautiana nchi na nchi, kwa iyo neno la mwisho muulize wakili wa hapo ulipo. Ofa yako nyingine huko mbele iandike, na ndani yake uweke mstari kwamba ni halali baada ya ukaguzi kukuridhisha. Mstari mmoja tu, ungekuokoa haya yote.

*

Mjomba nimetaja 85 kwenye nyumba ya 100, mama mwenye nyumba akasema sawa hapo hapo hata hakufikiri. Tangu siku hiyo silali. Nimepigwa?
Silali

Hukupigwa, umekosa usingizi bure, ila na mimi ningekosa. Ukikubaliwa haraka moyo unasema ningetaja 75, na huenda ni kweli, sa basi. Cha maana ni kama 85 ilikuwa chini ya thamani uliyoihesabu kabla. Kama hukuhesabu, hesabu leo. Na kama bado hujasaini peleka mkaguzi, sio kwa ajili ya kuvunja mlichokubaliana, ni kujua kwa nini mama alikuwa na haraka hivyo. Mara nyingi sababu ni ya kawaida tu, kuna ada inadaiwa, kuna nyumba nyingine kashaitolea pesa. Mara chache sababu iko chini ya sakafu.

*

Mjomba unawafundisha wanunuzi tu, na sisi wauzaji je? Tumeachiwa nyumba na wazazi, tuko ndugu wanne, kila mteja anayekuja anazunguka anatikisa kichwa anataja bei ya kututukana. Dada yetu mkubwa hataki kushuka hata kidogo anasema baba alitumia zaidi ya hiyo kuijenga, mdogo wetu anataka iuzwe hata kesho. Dalali nae anatuambia tukubali yoyote inayokuja. Mwaka unaisha.
Ndugu Wanne

Pole, na una haki ya kulalamika, nimewapendelea wanunuzi kwa sababu ndo wanaoniandikia.

Kwanza kwa dada mkubwa, shikamoo yake. Alichotumia baba ni heshima yake lakini mnunuzi hakijui na hakilipi. Na sio nyinyi peke yenu, mwaka 2001 wachumi Genesove na Mayer waliandika kuhusu mauzo ya nyumba kule Boston, Marekani, miaka ya tisini, wakaona wauzaji ambao soko lilikuwa linawapa chini ya walichonunulia waliweka bei za juu kuliko wenzao, na nyumba zao zikakaa sokoni muda mrefu zaidi. Kweli waliouza walipata bei ya juu kidogo, siwezi kumficha dada hilo, ila walisubiri sana. Na nyumba ya zamani isiyokaliwa ndo inayozeeka haraka, gata likiziba hakuna wa kuliona, mchwa hawana mgeni wa kuwakatiza. Mwaka huo mmoja mliosubiri umeshakula kitu kwenye bei, hata kama hamjauona.

Dalali nae msimsikilize kwa masikio yote mawili. Wachumi Levitt na Syverson mwaka 2008 walichapisha uchunguzi wa nyumba karibu laki moja kule Chicago na kando yake, wakalinganisha madalali wanapouza nyumba za wateja na wanapouza za kwao wenyewe. Za kwao walizivumilia sokoni siku kama 9 na nusu zaidi na wakaziuza kwa bei ya juu kwa asilimia kama 3.7. Hawakuwa wezi, ni hesabu tu. Nyie mkipata 3 zaidi, yeye kwenye hizo 3 anapata chembe, wakati kusubiri kunamla muda wake. Kwa iyo akisema "kubali yoyote", sikia kwamba amechoka.

Cha kufanya, kaeni nyinyi wanne bila mteja, bila dalali, na muandike bei ya chini ambayo wote mtasaini. Sio bei ya tangazo, bei ya chini. Mpaka hiyo haipo msilete mtu pale, sababu mnunuzi mjanja ndani ya dakika kumi anajua mdogo wenu anataka iuzwe kesho, na atangojea mzozo wenu umfanyie kazi. Alafu chagueni mmoja aongee, na ningekuwa mimi nisingechagua dada wala mdogo, ningechagua mmoja wa nyie wa katikati.

Pili, wakaguzi waiteni nyie kabla yao. Mtu anatikisa kichwa kwa sababu hajui ndani kuna nini, anajikinga na asichokijua, na kujikinga huko ndo kunawala pesa. Mpeni karatasi, paa liko hivi, umeme uko hivi, hili bovu na gharama yake fundi kaandika hii, na bei yetu tumeshaipunguza kwa hilo. Sasa akitaka kushusha zaidi inabidi atafute ubovu mwingine, na kama mmekuwa wakweli hataupata. Msitengeneze jiko jipya, mnunuzi ana jiko lake kichwani. Tengenezeni gata, mlango unaokwama, taa zisizowaka, kata majani. Na jamani msipake rangi ukuta mmoja.

*

Nimetoa ofa ya maandishi siku tisa zilizopita, na orodha ya matengenezo nikaambatanisha kama unavyosemaga. Kimya. Niongeze kidogo?
Tisa

Usiongeze. Ukiongeza hajajibu, unapatana na kivuli chako, na yeye akiona kimya kinalipa ataendelea kunyamaza. Mpigie simu, usitume ujumbe, muulize kama kuna kitu kwenye orodha hakukielewa au anaona fundi kazidisha, alafu umuache aongee. Mpe na tarehe, kwamba ofa inaishia siku fulani kwa sababu kuna nyumba nyingine unaenda kuiangalia, na iwe kweli unaenda. Akikwambia ameshamuuzia mwingine, mpongeze na umuombe akuwekee namba yako karibu. Nyumba za zamani wanunuzi wengi hukwama njiani, benki ikikataa au mkaguzi akipanda darini, na wa kwanza kupigiwa huwa ni yule aliyeondoka vizuri.